Unga wa Lulu

Kwanza kabisa, nyie vijana wa karakana, acheni kuita lulu kila kitu cheupe kinachong'aa. Zile mnazoletewa kwenye mifuko ya nailoni kutoka Kariakoo ni plastiki iliyopakwa rangi, na hata anayezileta anajua. Nimelisema hilo miaka yote niliyokaa nanyi pale Mikocheni. Sasa nimestaafu nalisema tena, safari hii kwa maandishi, ili asije mtu akadai Mama Skola hakusema.

Siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie habari za kazi. Haya. Za vyeo sitaandika, maana kwetu hakukuwa na vyeo. Kulikuwa na kiti kimoja chenye mto, na anayekikalia ndiye mkubwa. Mie nilikuja kukikalia mwisho mwisho, mto wenyewe umeshakuwa kama chapati. Nitawaandikia habari za siku ya kwanza, za mwalimu wangu, za mawe yaliyonifanya niote macho wazi, na za lulu moja ya Temeke ambayo nusura imtenge mama na binti yake mpaka kaburini. Najua hiyo ya mwisho ndiyo mnayoulizana.

Nilizaliwa Masasi nikakulia Mbagala. Baba alikuwa mchonga vinyago vya mpingo, mama akitunga shanga za kiunoni, kwa hiyo nyumbani kwetu mmoja alikuwa akipunguza na mwingine akiunganisha. Siku niliyokwenda kuomba kazi, Fundi Jivan, sonara mwenye karakana, hakuniuliza cheti. Alimwaga mezani fungu la lulu zilizochanganyika na za bandia, akasema, "Tenganisha." Nikaanza kukodoa macho, nageuza moja moja.

"Funga macho," akaniambia.

"Sasa fundi, nikifunga nitaonaje?"

"Kwa meno."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndilo somo la kwanza. Ya bandia huteleza kwenye jino, lulu ya kweli hukwaruza kidogo, kama mchanga uliobaki kwenye mchicha usiooshwa vizuri. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimeonja meza nzima. Mama akaniuliza kazini nimekula nini, nikamwambia lulu. Akasema vizuri, kesho ulete na za wenzio.

Fundi Jivan alizaliwa hapa hapa Dar, baba yake sonara, babu yake sonara, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko changu mie wa Masasi. Mtu mwembamba, mtaratibu, anakunywa chai ya tangawizi kama dawa. Ukiharakisha kazi hakugombi. Anakuambia tu, "Jiwe hilo limekaa ardhini kabla hajazaliwa babu wa babu yako, wewe unalikimbiza liende wapi?" Nilikuwa nikimnunia, kwa sababu ujanani nilikuwa na kiherehere. Siku hizi nikijisikia nayasema maneno yale yale kwa wajukuu wakati wa kuvaa viatu.

Vifaa vyetu mnavijua. Kibano, sindano, uzi wa hariri, na ile lenzi ya kubana kwenye kope tuliyoiita "jicho la tatu". Kitambaa cha buluu mezani, ili kinachodondoka kionekane. Ukitunga lulu, kila moja na fundo lake, mkufu ukikatika idondoke moja tu na nyingine zibaki zimeshikana. Na kile kisu kidogo chenye mpini wa mpingo, mnachokigombania, kilikuwa cha baba. Alikuwa akikitumia kusugulia nyuso za vinyago, pale ukizidisha kidogo tu mtu anakosa pua.

Lakini darasa lenyewe lilikuwa umeme ukikatika. Mashine zinanyamaza, feni zinasimama, na Fundi Jivan anavuta kiti chake karibu na dirisha. Dirisha letu lilitazama ukuta mweupe wa kiwanda cha magodoro. Msiudharau ukuta ule. Jua likiupiga, linarudi kwetu limepoa, na hakuna mwanga mzuri kuliko huo wa kuangalia lulu. Kwenye ukuta ule ule mie nimeona mambo, jamani. Nimeona wafalme wakipita na tembo.

Alitusimulia habari za almasi waliyoiita Mlima wa Nuru. Ilitoka Bara Hindi ikapita mikononi mwa wafalme, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alidhani yeye ndiye mwenyewe. Ilipofika Uingereza watu wakaiona haing'ai walivyotaka, wakaichonga upya, ikapungua sana. Inang'aa sasa, imewekwa kwenye taji, lakini ni ndogo kuliko ile waliyoililia. "Skola," alikuwa akiniambia, "kila jiwe kubwa unalolisikia, jana lilikuwa kubwa zaidi."

Kulikuwa na lulu iliyoitwa Msafiri, yenye umbo la tone. Inasemekana aliyeiokota baharini alikuwa mtumwa, na malipo yake yakawa kuachwa huru. Ikazunguka kwa malkia wa Ulaya, ikaja kuangukia mikononi mwa mwigizaji wa sinema, na siku moja ikapotea chumbani. Walikuja kuikuta mdomoni mwa mtoto wa mbwa, anaitafuna. Hapo Fundi Jivan alikuwa akicheka mpaka chai inamwagika. "Hata mbwa alijua," anasema, "lulu hupimwa kwa meno."

Na ya malkia wa Misri aliyebishana na mgeni wake kwamba anaweza kula karamu ya thamani kuliko zote duniani. Akavua hereni yake ya lulu, akaitia kwenye siki, akasubiri iyeyuke, akanywa. Mie nilikuwa sipendi kisa hicho. Nilimwonea huruma yule chaza aliyekaa chini ya maji akiitengeneza taratibu, ngozi juu ya ngozi, halafu mtu anaigeuza kinywaji kwa sababu ya ubishi.

Na ya kwetu pia, maana si kila cha ajabu kimetoka mbali. Iko almasi ya rangi ya waridi iliyotoka Mwadui ikaenda kukaa kifuani kwa binti wa mfalme. Na jiwe letu la buluu la Mirerani, mnalolichoma nyie kila wiki, mara nyingi hutoka ardhini la kahawia tu, la kupita bila kuligeukia. Wanasema hapo kale radi iliunguza majani, wafugaji walipopita baadaye wakakuta mawe yamekuwa buluu. Mie radi hiyo sikuiona. Ila kila nilipofungua mlango wa tanuru nikakuta kahawia imegeuka, moyo ulikuwa unanidunda kama bibi harusi. Mpaka nastaafu ulikuwa unadunda.

Kuna kazi moja Fundi Jivan alinifundisha mara moja tu, kwa lulu mbovu ya kujifunzia: kumenya. Lulu ni ngozi juu ya ngozi, kama kitunguu. Ya juu ikiharibika, unaweza kuikwangua kwa kisu, polepole, ukitafuta nzima iliyo chini yake. "Kuna mawili," aliniambia. "Utakuta ngozi nzuri, au utamenya mpaka isiwepo. Lulu yenyewe haikwambii ni lipi." Alipomaliza akapuliza unga uliobaki kwenye kitambaa, ukaruka kwenye mwanga wa dirisha, ukaisha. Ndivyo nilivyojua kazi ile inavyomalizwa: unamenya, unapuliza.

Sasa tuje Temeke.

Fundi Jivan alikuwa ameshaacha kazi, mikono inatetemeka, anashinda nyumbani na simu. Siku moja akaingia dukani mwanamke wa makamo, amebana kitu kwenye pindo la kanga. Jina lake Mwanahamisi, anaishi Gongo la Mboto, mumewe mwanajeshi wa huko bara. Hakukaa. Alifungua pindo mezani kwangu akageuza uso pembeni.

Ilikuwa lulu moja, kubwa kama punje ya njegere, kwenye kikombe chake cha dhahabu. Ila haikuwa lulu tena. Ilikuwa nyeupe kavu kama kipande cha chaki. Nikainusa. Ukwaju.

Mnaelewa kilichotokea. Kwetu pwani, sufuria ya shaba ikichakaa ni ukwaju, bangili ya fedha ikifubaa ni ndimu. Kichachu kinasafisha kila kitu. Kinasafisha na lulu pia, mpaka kinaimaliza. Nikamkumbuka yule malkia na siki yake, ila huyu aliyesimama mbele yangu hakuwa kwenye ubishi na mtu.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Ameniazima. Nasra wangu anaolewa wiki ijayo, ataivaa. Niliiona imefifia, nikasema niing'arishe. Nikailaza kwenye ukwaju."

"Mama anajua?"

"Hajui. Dada, nakuomba. Nitafutie nyingine kama hii. Mama macho yake siku hizi hayaoni vizuri."

Nilimuuliza kama mama yake ana lolote analoifanyia ile lulu. Akasema, huipitisha kwenye meno. Ina kishimo kidogo ubavuni, na ulimi wa mama unakijua. Basi nikamwambia, ulimi haudanganywi kirahisi kama macho. Naweza kujaribu kuimenya, lakini kumenya kunaweza kuimaliza, na mie mali ya mtu siimalizi bila mwenyewe kuniambia menya. Twende kwa mama.

Hapo akakaa, akalia. Na mie nikajua kilichokuwa kinamliza hasa.

Lulu ile ilikuwa ikivaliwa na mabinti wa ukoo wao siku ya kutolewa nje bibi harusi. Mama yake, Bibi Zuhura, aliivaa. Dada yake mkubwa aliivaa, akairudisha. Yeye Mwanahamisi alipompenda mwanajeshi wa bara, mama akakataa. Wakafunga ndoa bomani, mama hakuja, na lulu haikutoka sandukuni. Baadaye walipatana, mapatano ya kusalimiana na kupelekeana futari. Kuhusu lulu hawakuwahi kuzungumza. Sasa kwa mara ya kwanza maishani amekabidhiwa mkononi, kwa ajili ya Nasra, na amerudi nayo hivi.

"Atasema nimeiharibu kwa kinyongo," akaniambia. "Atakufa akiamini hivyo."

Kabla ya kwenda nilimpigia Fundi Jivan, nikamwonyesha kwenye video. Aliitazama mpaka nikadhani mtandao umeganda. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Lakini Skola, hiyo usimenye kwa haraka yako ya zamani." Nikamwambia haraka ile ilishazeeka kabla yangu.

Tukaenda Temeke siku ya pili yake, mchana, mie na kitambaa cha buluu na kisu cha baba. Nyumba imeshaanza kujaa mambo ya harusi. Uani kamba nzima imeanikwa mashuka ya wageni, meupe, yanapepea taratibu, na mwanga wake unaingia mpaka sebuleni. Nikasema moyoni, kumbe hata hapa pana ukuta wa magodoro. Hofu ikanipungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wewe ndiye fundi?" Bibi Zuhura alikuwa amekaa mkekani, mdogo, kanga mpya, ananuka udi. Nikamwekea lulu kiganjani, maana Mwanahamisi alishindwa. Bibi akaibusu kwa mazoea, halafu akaipeleka kwenye meno. Akaitoa. Akaipeleka tena.

"Hii imefanywa nini?"

"Ni mie, mama," Mwanahamisi akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. "Niliiosha kwa ukwaju."

"Kwa muda gani?"

"Usiku kucha."

Nilimwona bibi anakaza mdomo. Nikajisemea, haya, sasa ndiyo inakuja. Lakini aliuliza swali jingine.

"Nani alikwambia usiku kucha?"

"Hakuna aliyeniambia. Dada alipokuwa anaolewa niliwasikia ndani mnasema lulu huamshwa kwa kichachu. Mlinitoa nje, nilikuwa mdogo. Nikasikia hilo tu."

Bibi akageuza uso kwangu, akanieleza taratibu kama vile yule mwingine hayupo. Kwao lulu huamshwa kwa tone moja la ndimu. Tone moja, salawati moja, unaifuta kwa kanga ya mama. Na neno hilo haambiwi mtu mpaka siku yake ya harusi, anaambiwa na mama yake, sikioni. Nikamsikiliza nikajua kumbe wakale wao hawakuwa wajinga. Tone likiondolewa mara moja hula ule ukungu wa juu tu. Nikajua vilevile kwamba kila harusi lulu ile ilikuwa ikipungua kidogo, bila mtu kuona.

Kisha akasema, bado ananitazama mimi, "Huyu ningemwambia siku yake."

"Siku yangu hukuja, mama," Mwanahamisi akasema.

Hakulisema kwa ukali. Uani mtu alikuwa anakuna nazi, tukabaki tunasikiliza mbuzi ya nazi. Mie nilitamani niwe kwenye karakana yangu, kwenye mawe, ambayo hayana mama.

"Menya," bibi akaniambia.

Nikavuta mkeka mpaka kwenye mwanga wa mashuka, nikatandika kitambaa, nikaitoa lulu kwenye kikombe chake, nikabana jicho la tatu. Ngozi ya kwanza ilitoka kama chaki, ya kusaga. Ya pili nayo chaki. Nikaizungusha, nikakwangua, naizungusha, na kila safari inakuwa ndogo. Kishimo kikaisha. Ya tatu ilikuwa ngumu kidogo lakini imekufa, rangi ya maji ya mchele. Jasho likanitoka mpaka nikaogopa litadondokea lulu. Nilikuwa naisikia sauti ya Fundi Jivan: lulu yenyewe haikwambii. Bibi alikuwa anavuta tasbihi, na Mwanahamisi bado yuko mlangoni, mkono kwenye fremu.

Kisha kisu kikateleza. Mnajua kuteleza ninakokusema, pale chuma kinapokosa cha kushika. Nikaacha. Nikainua kipande kidogo cha ile ngozi iliyokufa kwa ncha ya kisu, kikatoka kizima, kikajikunja kama ganda la kitunguu saumu. Na chini yake, jamani, palikuwa na mwanga. Wa waridi kidogo, na kijani kwa mbali, ukiugeuza unakimbia. Nimeshika mawe mengi nyie mkiwa hamjazaliwa, lakini sijawahi kuona kitu kama kile kikitoka mikononi mwangu. Nikaona machozi yananijia, nikatoa lenzi nikajifanya nasafisha kioo.

Nilipomaliza kuizunguka yote ilikuwa imebaki kama punje ya choroko.

"Imebaki?" bibi akauliza.

"Imebaki, bibi. Ndogo."

Akaipokea. Akaipitisha kwenye meno, mbele, ubavuni, tena mbele. "Ni yenyewe," akasema. "Kishimo chake kimekwenda."

"Kimekwenda na ngozi, bibi."

"Basi. Nasra ataivaa hivi hivi."

Mie nikaona kazi imekwisha. Nikakusanya vifaa, nikainamia kitambaa cha buluu, palipobaki unga mweupe kidogo, nikavuta pumzi nipulize nilivyofundishwa.

"Ngoja," bibi akasema. "Hicho nini?"

"Unga wake. Iliyomenywa."

"Usitupe. Nipe hapa." Nikamsogezea kitambaa magotini. Akakipapasa mpaka akaupata unga kwa ncha ya kidole. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akageukia mlangoni.

"Mwanahamisi. Njoo. Inama."

Mwanahamisi akaja, akapiga magoti. Bibi akalowesha kidole ulimini, akachovya kwenye unga, akampaka katikati ya paji la uso, kisha chini ya koo, pale pale lulu inapolala ikivaliwa. Akamvuta sikio mpaka mdomoni kwake. Alichomwambia mie sikukisikia, na hakikuwa changu kukisikia. Nilisikia cha mwisho tu, kwa kuwa alikisema kwa sauti.

"Hii ndiyo yako. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Nilimtengenezea Nasra kikombe kipya, kidogo. Kwenye harusi nilialikwa, nikakaa na wakwe wa bara tukashindana kwa pilau. Watu wote walikuwa wakimtazama bibi harusi na lulu yake. Mie nilikuwa namtazama mama wa bibi harusi, amepambwa, amepakwa hina, na kwenye paji la uso kuna doa jeupe la unga ule, limepakwa upya, ambalo mpambaji alitaka kulifuta akamkatalia.

Kisu cha baba nimekiacha kwenye droo ya kushoto. Kinolewe kwa jiwe la maji tu, msikitie kwenye mashine. Na ikitokea siku mkaletewa lulu ya kumenya, msifanye kama nilivyofundishwa mie. Mkimaliza, msiupulize unga. Ulizeni kwanza kama kuna mtu anaungoja.